Walikuwa wanachora ubao

Siku niliyogundua kwamba darasa langu la nne halisomi, nilikuwa sijafuta ubao vizuri. Kipindi kilichotangulia kilikuwa cha Maarifa ya Jamii. Mwenzangu alipotoka nilipitisha dasta juu juu, nikaandika tarehe, nikaandika sentensi tano za Kiswahili, nikawaambia wanakili. Kwenye kona ya juu kulikuwa na masalia ya maneno yake: "fa ya Jam", na kipande cha mstari wa ramani. Nilipopita kusahihisha nikakuta "fa ya Jam" imo kwenye daftari la kwanza, la pili, la nane, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Wengine na ule mstari wa ramani waliuweka. Mtoto anayesoma angeuliza, "Madamu, hii nayo tuandike?" Hakuna aliyeuliza. Walikuwa wanachora. Walikuwa wamechora ubao tangu darasa la kwanza, wamekuwa mafundi wa kuchora, na sisi tukawapa vema.

Hiyo ilikuwa Februari 2019, shule ya msingi ya kijijini mkoani Simiyu. Mimi ni mtu wa Tanga, niliajiriwa 2015 nikapangiwa huko ambako sikuwa na ndugu wala jamaa. Darasa lilikuwa na watoto 117 na madawati 31. Mwongozo unataka watoto 45 kwa darasa moja. Hawa wangu walikuwa ndio wale walioandikishwa Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza na watoto wakamiminika shuleni. Kumiminika kwao kulikuwa jambo jema, ila vyumba na walimu havikumiminika nao.

Walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi nilifanyaje baada ya pale, kwa hiyo naandika mara moja nimalize. Mengi mtakayosoma humu ni makosa yangu.

La kwanza nililifanya kabla hata sijaanza. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimekwenda likizo nyumbani, na wakati huo mkoa wa Tanga ulikuwa na lile jaribio kubwa la XPRIZE, shindano la kimataifa la kutengeneza programu za kufundishia watoto: vishikwambi vyenye programu za kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili vilivyogawiwa watoto katika vijiji 170 hivi. Niliwaona watoto ambao shule wanaisikia tu, wameinamisha vichwa juu ya kioo, wanagusa silabi, kinatoa sauti, wanacheka. Kijijini palikuwa na kituo cha sola cha kuvichajia na mama wa kuvisimamia. Nikarudi Simiyu na wazo moja kichwani: bila vishikwambi hakuna kitu. Kwa hiyo baada ya ile siku ya ubao, nikaanza kuandika barua. Niliandikia mashirika, niliandikia kampuni, niliandikia mtu niliyesoma naye anayefanya kazi Dar es Salaam. Kuchapisha, bahasha, nauli ya kwenda mjini na kurudi, zilinitoka kama shilingi 38,000 na wiki tisa. Hakuna aliyejibu. Na shule yetu yenyewe haikuwa na umeme. Simu zetu tulichaji kwenye kipande cha sola cha mwalimu mkuu, kwa zamu, na zamu yenyewe ilikuwa na ugomvi. Sijui vile vishikwambi ningevichaji kwa kitu gani. Lile jaribio la Tanga liliisha vizuri, Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kwa washindi wawili, lakini lilikuwa limebebwa na watu, fedha na mitambo. Mimi nilikuwa na chaki.

Kilichonitoa kwenye barua ni karatasi niliyokuwa nayo tangu usichana. Mwaka 2011, nilipokuwa nyumbani baada ya kidato cha nne, nilijitolea kwenye upimaji wa Uwezo, mradi wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu. Tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba tukiwasomesha watoto wa miaka 7 hadi 16 karatasi ya kiwango cha darasa la pili: silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi. Mtoto anakwama pale anapokwama, unaandika, unashukuru, unaondoka. Njia ile Uwezo waliitoa India, kwa shirika la Pratham. Nilichokuja kujua baadaye ni kwamba Pratham hawakuishia kupima. Waliwapanga watoto kwa kile wanachokijua badala ya darasa walilomo, saa moja au mbili kwa siku, wa silabi na wa silabi, wa maneno na wa maneno, kisha wakarudi madarasani kwao. Hakuna mtambo humo. Nilijiona mjinga kwa zile wiki tisa.

Nikaiandika upya ile karatasi kwa mkono, nikaanza kuwapima. Hapo nikafanya kosa baya kuliko yote.

Niliwapima darasani, mbele ya wenzao. Niliita jina, mtoto anakuja mbele, anasoma. Kufikia mtoto wa tano, aya ile darasa zima lilikuwa limeikariri. Watoto waliokuwa hawajui herufi moja waliisoma yote mpaka nukta ya mwisho, macho yao yakiangalia dirishani. Hilo lilinichekesha. Lililofuata halikuchekesha. Aliitwa mvulana mmoja, mkubwa kwa umbo, wa miaka 12 hivi. Akaishika karatasi, akanyamaza. Nikamwonyesha silabi, akanyamaza. Nyuma mtu akacheka, kisha darasa zima. Nami, Mungu anisamehe, nilitabasamu, maana kicheko cha watoto 116 kinaambukiza. Kesho yake hakuja. Wala kesho kutwa.

Baada ya wiki mbili nilipanda bodaboda kwenda kwao, shilingi 3,000 kwenda, 3,000 kurudi. Kaya za huko zimetawanyika, unapita mashamba ya pamba mpaka unadhani umepotea. Baba yake alikuwa amekaa chini ya mti anasuka kamba. Nikamwamkia "Mwadila", karibu nusu ya Kisukuma chote nilichokuwa nacho, akafurahi, akanipa kigoda. Kisha akaniambia kwa upole mkubwa: "Mwalimu, mtoto amesema huko shule mlimpima, mkamkuta anaumwa. Hajasema anaumwa nini. Nikaona bora akae na ng'ombe kwanza."

Sikuwa nimelifikiria lile neno. Kwa mtoto wa kijijini, kupimwa ni zahanati, ni sindano na damu. Nilikuwa nimemwita mbele ya watu, nikampima, na wote wakaona majibu yake. Nilimwomba radhi baba, na kwa kuwa mtoto alikuwa pale pembeni amejificha nyuma ya ghala, nikamwomba radhi na yeye. Alirudi Jumatatu. Sikulitumia tena neno kupima mbele ya watoto. Nasema, "Njoo unisomee kidogo."

Nikarudia kazi yote upya. Nilitengeneza karatasi nne tofauti za kiwango kimoja ili asiwepo wa kukariri. Nikaweka meza chini ya mwarobaini, mtoto akiwa amelipa darasa mgongo, mwenzake anayesubiri amekaa mbali asisikie. Kalamu ya bluu, si nyekundu. Nikaanza na silabi alizozijua ili aondoke na kitu alichokiweza. Mtoto mmoja huchukua kama dakika tatu hadi tano, lakini kwa sababu nilifanya saa za mapumziko na baada ya vipindi, watoto 117 walinichukua siku nane. Matokeo niliyaandika nyuma ya daftari la mahudhurio: walioweza hadithi 19, walioishia aya 24, maneno 31, silabi 28, na 15 hata silabi ziliwashinda. Nilikaa kwenye stoo ya vitabu nikaitazama ile karatasi muda mrefu. Tulikuwa tumebakiza miezi sita kufika upimaji wa kitaifa wa darasa la nne.

Mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo kila mkuu atakuuliza: "Nitamwambia nini afisa elimu kata? Kwamba darasa la nne langu linasoma ba be bi bo bu?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba nisipowafundisha ba be bi, mwezi wa kumi na moja watachora karatasi ya mtihani kama wanavyochora ubao. Akakubali kwa shingo upande: muda wa saa moja, nje ya vipindi, bila gharama kwa shule.

Nje ya vipindi. Nikaiweka saa nane mchana, baada ya masomo. Usiiweke mchana. Shule yetu haikuwa na chakula. Mtoto aliyetoka kwao alfajiri na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) miwili mitatu tumboni, saa nane anaona giza. Wavulana walikuwa wanasubiriwa na ng'ombe, wasichana na ndoo. Wiki ya kwanza walibaki 60, ya pili 40, ya tatu walikuwa wamebaki wale wanaojua kusoma, maana hao hawachoki kuitwa. Nikarudi kwa mkuu, tukaitafuta saa tukaipata mahali ambapo haikututia gharama yoyote: asubuhi. Watoto walikuwa wakifika saa 12:45, wanafagia, wanamwagilia miti, wanapanga mstari, wanasimama kusikiliza matangazo mpaka saa mbili. Usafi tukausogeza mchana dakika kumi kabla ya kwenda nyumbani, mstari tukaufanya Jumatatu na Ijumaa tu. Ikapatikana saa nzima, na uwanja haukuota magugu.

Kwa watu nilikuwa na mimi, mwalimu wa darasa la tatu aliyekubali kwa urafiki tu, na kijana wa kidato cha nne wa hapo kijijini aliyejitolea. Makundi matano kwa watu watatu hayaendi, kwa hiyo tukaunganisha: wasiojua silabi na wa silabi pamoja, 43; wa maneno, 31; wa aya na hadithi, 43. Nikawapa majina mazuri, Kobe, Swala na Simba. Mtanicheka, na mna haki. Kufikia Jumatano "kobe" lilikuwa tusi kisimani. Binti mmoja wa kundi hilo alimpiga mwenzake kwa ndoo. Nikayafuta majina yote, tukaanza kusema kundi la mwarobaini, la stoo, na la darasani, na kila baada ya wiki mbili makundi yakabadilishana mahali, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa aibu pa kudumu. Watoto si wajinga, kila mmoja alijua yuko wapi. Ila walikosa jina la kumwitia mwenzao njiani.

Na mimi nilichukua kundi gani? La hadithi. Nilijiambia ni kwa sababu linahitaji mtu wa kuwaandaa kwa mtihani. Uongo. Nililichukua kwa sababu ni tamu kufundisha watoto wanaokujibu. Wale 43 wa chini, waliohitaji mtu mwenye ujuzi kuliko wote, nikamwachia kijana asiye na hata siku moja ya mafunzo. Baada ya wiki tatu nilipita kundi lake nikamsikia akiwaimbisha "be, a, ba", na watoto wanaimba "be, a, bea". Kijana hana kosa, ndivyo alivyofundishwa yeye. Ukimtajia mtoto jina la herufi, be, che, de, efu, anaunganisha majina, na "baba" inakuwa "beabea". Anachohitaji ni sauti, midomo ikifunga na kuachia: b, b, ba. Siku hiyo tukabadilishana. Kijana akaenda kwa wasoma hadithi, ambao hawakuhitaji zaidi ya vitabu na mtu wa kuwauliza maswali, nami nikaenda kwa wa silabi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mimi mwenyewe sijui kufundisha silabi. Cheti changu cha ualimu kinasema najua. Lakini nilikuwa nimefundisha darasa la nne na la tano tu, sijawahi kumtoa mtoto kwenye herufi moja kwenda mbili. Aliyejua alikuwa mmoja shuleni, mwalimu wa darasa la kwanza, mama mtu mzima aliyebakiza miaka mitatu kustaafu. Na huyo alikuwa haniamkii.

Nilikuwa nimemkosea bila kujua. Ile karatasi yangu, 15 hawajui silabi, mkuu aliisoma kwenye kikao cha walimu wote. Watoto hao walipita mikononi mwa nani? Mikononi mwake. Mwaka ule wa 2016 alikuwa na watoto 164 kwenye chumba kimoja, wengine wamekaa madirishani, na sasa binti wa juzi kutoka pwani anakuja na namba. Nilikwenda nyumbani kwake jioni, nikapiga hodi, nikamshikamoo. Akaitikia, hakunikaribisha kiti. "Mwanangu," akasema, "umekuja na karatasi ya kunihukumu nyingine?" Nikamwambia nimekuja kuomba anifundishe kufundisha ba be bi, kwa sababu nimeshindwa. Alikaa kimya kidogo kisha akacheka kicheko kirefu. Akaniletea kiti na uji wa mtama. Kama kuna jambo moja ningelifanya tofauti mwaka ule wote ni hili: namba zako za kwanza usizipeleke kikaoni. Mpelekee kwanza anayeguswa nazo, faraghani, na umwombe msaada.

Yule mama alinipa mengi kuliko semina zote nilizohudhuria. Alinionyesha kwamba mfuko wa saruji ukiupasua una tabaka za karatasi ngumu, za ndani ni safi, zinakaa miaka kwa chati ambazo kwa manila ungenunua kila muhula. Alinionyesha vifuniko vya soda, kila kimoja silabi moja, watoto wanne wanakaa chini na rundo lao wanaunda maneno wakigombania. (Silabi kama "ndwa" haienei kwenye kifuniko, hizo tulizikata kwenye boksi za sabuni.) Vifuniko 600 niliviokota na kuomba kwa wauza soda mnadani, nikavichemsha, na maka peni ndizo zilizokula fedha. Muhula ule wote nilitumia kama shilingi 46,000 za mfukoni mwangu. Nasema hivi kwa sababu watu husema njia hii haina gharama. Ina gharama, ila ndogo, na bila makubaliano ya mapema itakuwa yako. Shule hupata ruzuku ya kila mwanafunzi, na humo mna fungu la vifaa. Mwombe mkuu kabla hujanunua, si baada.

Lililonishangaza zaidi ni ng'. Kila kitabu kinaiweka mwishoni, silabi ngumu, na kule kwetu Tanga kweli watoto huikwepa. Lakini hawa walikuwa Wasukuma. Nusu ya koo zao na majirani zao wana ng' kwenye jina: Ng'washi, Ng'wandu. Mama yule akaniambia, "Anza na majina yao." Nikaandika majina kwenye karatasi ya saruji, na watoto waliokuwa hawajui "ma" wakaisoma ng' kabla ya "ma", kwa sababu walikuwa wanaisoma nafsi yao. Mimi ndiye niliyeshindwa kutamka "Ng'washi" sawasawa, wakanicheka mpaka machozi. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nadaiwa.

Maana na mimi nilikuwa nimewacheka. Lafudhi ya huko huchanganya r na l, na wiki za mwanzo nilikuwa namkatiza mtoto kila anaposema "kurara". Mmoja nilimrudisha mara nne kwenye neno moja mbele ya wenzake. Mtoto yule alikuwa amesoma sawa kabisa. Jicho limeona "kulala", akili imejua ni kulala, ulimi ndio umetoa sauti ya kwao. Kusahihisha matamshi kuna saa yake, na saa yake si ile ambayo mtoto anasoma sentensi yake ya kwanza maishani.

Jambo jingine lilijitokeza kwenye kundi la maneno. Walikuwepo watoto waliosoma vizuri kabisa, sauti na nukta, na ukiwauliza wamesoma nini hawajui. Hao tatizo lao halikuwa herufi. Nyumbani wanaongea Kisukuma, Kiswahili wamekikuta shuleni, na hadithi ya mtoto aliyekwenda ufukweni kukusanya kombe haiwaambii kitu. Tukaacha kitabu kwa muda. Kila asubuhi mtoto mmoja anasimulia jambo la jana yake, akikwama anachanganya Kisukuma na wenzake wanamsaidia kupata Kiswahili chake, nami naandika kama alivyosema. "Ng'ombe wa babu ameingia kwenye pamba. Babu alimpiga. Ng'ombe hakujali." Karatasi ile tunaibandika, tunaisoma pamoja, kesho tunaanza nayo. Sijawahi kuona watoto wanaopenda kusoma kama wale waliokuwa wanasoma maneno yao wenyewe. Ile ya babu ilisomwa mpaka karatasi ikapasuka.

Kati ya wale 15, wawili hawakuwa na shida ya kusoma. Mmoja alikuwa haoni ubao. Mwingine sikio lilikuwa linatoa usaha tangu utotoni na hakuna aliyeliuliza. Niliwapeleka zahanati. Angalieni macho na masikio kabla ya kitu chochote.

Agosti alikuja mdhibiti ubora wa shule. Akakuta asubuhi watoto wako chini ya miti na vifuniko vya soda. Akauliza andalio la somo, nikatoa. Akauliza ratiba, na kwenye ratiba ile saa haikuwepo, kwa sababu tulikubaliana kwa mdomo. Ikaandikwa kwenye taarifa kwamba shule inaendesha kipindi kisicho kwenye ratiba na kwamba darasa la nne linafundishwa maudhui ya darasa la kwanza. Yote mawili yalikuwa kweli. Mwalimu mkuu alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Tuliokolewa na kamati ya shule, iliyoitishwa wiki hiyo, mzee mmoja aliuliza tu, "Wanasoma au hawasomi?", na baba wa yule mvulana wa ng'ombe akainuka akasema wake siku hizi anasoma maandishi kwenye gunia la mbolea. Ikaingia kwenye muhtasari, muhtasari ukaingia kwenye faili, saa ikaingia kwenye ratiba. Fanyeni hayo mwanzo, mambo ya karatasi, hata kama mkuu wenu ni rafiki yenu.

Mwisho wa Septemba niliwasikiliza tena wote. Kati ya wale 43 wa chini, 14 walikuwa wamehamia maneno, 8 wameruka mpaka aya, wanne walikuwa wamehama kijiji au wameacha, na 17 walikuwa palepale. Nazitaja zote kwa sababu nimesoma simulizi za namna hii ambazo kila mtoto anafaulu. Wale 17 wengi wao walikuwa watoro wa msimu. Wanaokuja siku mbili kwa wiki njia yoyote itawashinda. Novemba walifanya upimaji wa kitaifa. Wapo waliofaulu ambao Februari nisingewawekea hata shilingi, na wapo waliokariri darasa.

Kisha ikaja 17 Machi 2020, shule zikafungwa nchi nzima kwa ajili ya korona, tukafungua tena 29 Juni. Niliporudi nikaweka meza chini ya mwarobaini. Waliofika kwenye aya walikuwa wamebaki kwenye aya, wengine wamepanda, walikuwa wanasoma chochote walichokipata, mpaka makaratasi ya dawa za pamba. Wa maneno waliyumba. Wa silabi walikuwa wamerudi karibu mwanzo. Tangu hapo, kabla ya likizo yoyote, kundi lililo karibu kuvuka ndilo ninaloongezea muda, nikijua kwamba mtoto akishaifikia aya hatarudi nyuma kirahisi, na kila wa silabi anaondoka na kipande cha mfuko wa saruji chenye sentensi zake mwenyewe.

Yule mwalimu mkuu alihamishwa 2021. Aliyemfuata aliirudisha saa ya usafi asubuhi, na sikubishana naye vya kutosha. Yule mama wa darasa la kwanza alistaafu mwaka uliofuata. Vishikwambi vya sensa ya 2022 vilipogawiwa walimu, nikapata na mimi changu, baada ya barua zote zile. Nakitumia kurekodi sauti: mtoto anasoma leo, namsikilizisha baada ya miezi miwili, anajiziba uso kwa mikono akijisikia alivyokuwa.

Sasa nimehamia shule nyingine, nimepewa darasa la tatu. Mikondo miwili, na kwa mtaala mpya hawa wataondoka shule ya msingi wakimaliza la sita, mwaka mmoja mapema kuliko wale wa kwanza. Safari hii nimezungumza na mwalimu wao wa la pili kabla sijamwita mtoto hata mmoja, na barua ya kuomba saa imo kwenye faili la mkuu. Jumatatu naanza na mkondo A. Mwarobaini wa hapa ni mdogo, kivuli chake kinahama mapema kuelekea choo cha wavulana, kwa hiyo itabidi nianze saa moja kamili, kabla watoto hawajaanza kupita pale.